Bima ya Kijicho

Wazo lenyewe lilimjia Wagdi Sharabasi kwa sababu ya kiatu cha mtoto.

Alikuwa amekaa mkahawani kwa Shihata, mtaa wa Kom Dikka, akinywa chai aliyokwisha kuahidi kuilipia kesho, akamwona Hagi Mitwalli ametoka kuliosha gari lake la zamani. Mzee alilifuta mpaka likang'aa, akalizunguka mara moja kwa furaha, kisha akapiga magoti na kufunga kiatu kikuukuu cha mtoto mchanga kwenye bampa la nyuma, kinga ya jicho baya. Kwenye kioo cha mbele tayari kulikuwa na ushanga wa bluu, kiganja cha shaba na tasbihi ya bi mkubwa. Wagdi akatupa macho mtaa mzima. Sisi watu wa Iskandaria tuna udhaifu wa magari makuukuu. Wataliano na Wagiriki walipofungasha virago waliyaacha hapa, nasi tumeyalea kama wajukuu. Kila gari lilikuwa na kiatu chake. Ungeviokota vyote ungevisha shule nzima ya chekechea, mguu mmoja mmoja.

"Shihata," Wagdi akaita, "haya magari yana bima?"

"Bima ya nani? Kampuni zikisikia mwaka wa gari zinaangua kicheko. Hagi Mitwalli aliambiwa gari lake lina umri wa bibi yake meneja, aende akaliombee dua."

"Na likigongwa?"

"Likigongwa ni jicho la mtu. Kwani kuna ajali nyingine?"

Wagdi akaweka glasi chini taratibu, kama mtu aliyeshika yai. Alikuwa na suti moja ya kijivu na sauti mbili, moja ya kuzungumza na wenye nacho na nyingine ya kuzungumza na wadai wake. Pale pale akaanza kusafisha koo kwa ajili ya ile ya kwanza.

Wiki iliyofuata alirudi Kom Dikka na mkoba mweusi, kalamu mbili mfukoni na mhuri wenye harufu ya wino mbichi. Aliwakilisha, alisema, Shirika la Amana la Bima ya Kijicho, makao makuu Kairo. Kampuni nyingine, alieleza, zinalipa ajali za breki na ajali za ulevi, mambo madogo madogo. Nani amewahi kumlipa Mmisri kwa ajali inayompata kila siku, ile ya jirani anayelitazama gari lako, anameza mate, halafu anakwenda zake? Wateja walitazamana. Walikuwa wamesubiri swali hilo maisha yao yote.

"Na mtu atathibitishaje kuwa ni jicho?" Hagi Mitwalli aliuliza, kwani alikuwa karani wa mahakama kabla hajastaafu.

"Swali la mtu msomi! Ni rahisi, hagi. Lete mashahidi wawili waape kwamba fulani alilisifu gari lako bila kusema Mashaallah. Ukiwaleta, Shirika linatengeneza gari lote, bodi, rangi, taa, mpaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani. Bila maswali."

Sifa ya mpango huo, na hapa tumvulie kofia kidogo, ilikuwa katika sharti hilo. Nani Iskandaria atasifu hata kuku wa mwenzake bila kusema Mashaallah? Na akisahau, nani atakubali kutajwa mbele za watu kuwa ana jicho? Wagdi alikuwa ameuza mlango ambao ufunguo wake haukuwahi kutengenezwa. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu mno. Kila gari aliloonyeshwa alilitangulizia Mashaallah, akalifuatishia Mashaallah, na katikati akachomeka nyingine ya akiba. Watu walisaini. Mkoba ukaanza kutuna.

Mteja wa mwisho alikuwa Maalima Inshirahi.

Maalima huyu, ndivyo tunavyowaita wanawake wenye biashara zao, alikuwa mjane, mwenye kibanda cha maini ya kukaanga mkabala na mkahawa, mwanamke mnene, mwepesi wa kisu na mzito wa maneno. Watu walikuja kutoka bandarini kula maini yake ya pilipili ndani ya mkate. Lakini fahari yake haikuwa maini. Ilikuwa gari la Kitaliano la rangi ya kijani, milango minne, boneti la mviringo, lililoegeshwa kando ya kibanda. Ubavu wa kulia ulikuwa umelalia ukuta kiasi kwamba hata paka asingepita, na magunia ya mkaa yameegemea taa ya upande huo.

"Mbona umelibana hivi, maalima?"

"Watoto wanachora na misumari. Upande mmoja nalilinda mimi, upande wa pili ukuta."

Wagdi akacheka kwa adabu, akafungua mkoba, akageuka kulitazama gari ili atoe sifa zake za kawaida. Hapo ndipo jambo likamtokea ambalo halikuwa kwenye mpango.

Baba yake alikuwa dereva wa tajiri mmoja Mgiriki wa pamba, na gari la tajiri yule lilikuwa la aina hii hii, kijani hiki hiki. Miaka mingi Wagdi aliruhusiwa kulifuta tu. Siku Mgiriki alipoondoka gari likauzwa kwa mtu wa Mansura, na baba yake akawa mtu wa kukaa barazani mpaka alipokufa. Wagdi hakuwahi kumsimulia mtu habari hizo, na wala hakukusudia kuzikumbuka pale mbele ya sufuria za maini.

"Maalima," akasema, na mkono wake wenyewe ukaenda kugusa madigadi ya kushoto, "hili si gari. Hili ni bibi harusi mwenyewe. Tazama kiuno hiki! Tazama rangi, kama pistachio iliyomenywa sasa hivi. Iskandaria nzima hakuna jingine, na Kairo pia wasijidanganye. Ningekuwa nalo mimi nisingelala nyumbani. Ningelala humu humu, na mke akitaka anifuate."

Kisu cha Maalima Inshirahi kikasimama juu ya ini. Mkahawani, wacheza dhumna waliacha mchezo wote kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mkahawa ufunguliwe.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza nini?"

"Kusifu. Umemaliza?"

"Sifa zake haziishi, maalima. Lakini kwa leo nimemaliza."

"Haya." Akafuta mikono kwenye aproni. "Nipe hiyo karatasi yako. Na nisikilize vizuri, ustadhi. Alhamisi ijayo binti yangu Rawya anaolewa. Mimi niliingia mtaa huu ndani ya gari hili nikiwa bibi harusi, na yeye ataondoka ndani yake. Marehemu baba yake ametuachia hili na hizi sufuria, basi. Likipatwa na neno kabla ya Alhamisi, nitakushika wewe, sitamshika mtu mwingine."

"Shirika zima litakuwa nyuma yako."

"Mimi nakutaka wewe mbele yangu, hilo shirika likae linapokaa."

Akasaini bila kuuliza bei wala kuomba apunguziwe. Mtu makini zaidi angejiuliza tangu lini muuza maini wa Iskandaria akalipa bila kuteta. Wagdi alikuwa bado anatazama boneti.

Asubuhi iliyofuata alikuwa chumbani kwake, nyumba ya wageni iliyo nyuma ya mkahawa, akifunga suti yake katika gazeti. Tikiti ya garimoshi la Tanta ilikuwa ndani ya mkoba, pamoja na ada za Kom Dikka nzima. Tanta nako kuna magari makuukuu na macho mabaya tele. Ndipo kikaja kishindo kutoka mtaani, chuma juu ya chuma, na juu yake ukelele wa mwanamke.

"Gari langu! Jamani, gari langu!"

Nyumba ile ilikuwa na milango miwili. Wa nyuma ulielekea stesheni. Miguu ya Wagdi, ambayo miaka yote ilikuwa na akili kumshinda mwenyewe, safari hii ilitoka kwa mlango wa mbele, na tena mbio.

Pale kwenye kona, kando ya ile nguzo ya Warumi ambayo imesimama Kom Dikka tangu kabla ya babu zetu na haijawahi kumsumbua mtu, gari la kijani lilikuwa limesimama mshazari, ubavu wa kulia umeikumbatia nguzo. Taa imetumbuka. Madigadi yameingia ndani. Mlango wa mbele umekunjamana kama shati lililolaliwa. Maalima Inshirahi alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, na Shihata anampepea kwa sinia.

"Nani amefanya hivi?" Wagdi alipaza sauti, na wallahi alikuwa na uchungu wa kweli. "Ni mshenzi gani huyu?"

"Nilikuwa nalisogeza kivulini tu," maalima akalia. "Usukani ukaninyang'anya. Kama kuna mkono umeushika! Ni jicho hilo, ni jicho la mtu!" Kisha akanyamaza ghafla, akajifuta uso, akamtazama. "Ahsante kwa kuja upesi, ustadhi. Sasa lipa."

Sauti ya kwanza ikarudi kooni mwa Wagdi, laini kama siagi.

"Pole, maalima. Pole sana. Kuumia kwako ni kuumia kwa Shirika. Lakini unakumbuka sharti letu. Mashahidi wawili, waape kwamba fulani alilisifu gari bila..."

Akaishia hapo. Alikuwa amesikia neno lililofuata kabla hajalitamka, na alikuwa amekumbuka mahali ambapo hakulitamka.

"Bila nini?" maalima akauliza.

"Bila kusema Mashaallah," Shihata akamsaidia.

"Mashahidi ninao," maalima akasema.

"Wawili?"

"Mtaa mzima."

Waliketi kikao mkahawani saa ile ile, kama tunavyoketi sisi mtu akimwaga maji machafu mbele ya mlango wa mwenzake. Hagi Mitwalli akapewa kiti chenye mito. Shihata akaapa kwa mkono juu ya Msahafu, akatoa ushahidi wake.

"Alisema ni bibi harusi. Akataja kiuno."

"Kiuno cha nani?" hagi akauliza.

"Cha gari, hagi."

"Endelea."

"Akasema rangi yake pistachio iliyomenywa. Akasema angelala humo, mke amfuate. Maalima akamuuliza, umemaliza? Akasema, kwa leo nimemaliza."

Mnong'ono ukapita mkahawani. Shahidi wa pili akaongeza kwamba mkono pia ulihusika, ulipapasa madigadi. Mnong'ono ukawa mkubwa zaidi. Hagi Mitwalli akamgeukia mshitakiwa kwa huruma ya karani aliyewaona wengi.

"Mwanangu, mimi uliponiuzia bima ulisema Mashaallah mpaka nikadhani una kikohozi. Na kwa Shihata hivyo hivyo, hata pikipiki yake mbovu uliisomea. Kwa maalima kilikuziba nini?"

Wagdi akafungua mdomo. Uongo ulikuwepo, wa kila saizi, amezoea kuuchagua gizani kwa kupapasa. Lakini siku hiyo hakuna uliomkaa. Wale wengine aliwasifia magari yao kwa kazi. Lile la maalima alilisifia kwa sababu alilipenda, na mtu hawezi kukumbuka kila kitu kwa wakati mmoja.

"Nilisahau," akasema.

"Ulilitamani?"

Macho yote yakamwangukia. Akayatazama marumaru ya sakafu.

"Nililitamani, hagi."

Mkahawa mzima ukashusha pumzi. Kesi ilikuwa imekwisha, na mtu mmoja akaagiza shisha.

"Basi Shirika litalipa!" Wagdi akaruka, akijaribu mlango wa mwisho. "Nitaandika Kairo leo hii. Mtapata jibu..."

"Shirika likilipa ni sawa," hagi akasema. "Mwenye jicho akilipa ni sawa pia. Wewe ni yupi kati ya hao?"

"Mimi ajenti tu, mzee wangu."

"Basi fungua mkoba, ajenti."

Mkoba ukafunguliwa. Ada zote zilikuwa humo, zimefungwa kwa mpira, hazijapunguka hata noti. Juu yake kulikuwa na tikiti. Hagi akavaa miwani, akaisoma mbele na nyuma.

"Makao makuu yamehamia Tanta?"

Na hivyo, hebu tuandike jambo hili kwa heshima zake, Shirika la Amana la Bima ya Kijicho likalipa fidia. Wengi walikuwa wametoa, mmoja alikuwa ameharibikiwa, na fedha za wengi zikaenda kulitengeneza gari la mmoja. Wataalamu wanasema bima yenyewe ndiyo hiyo. Wagdi alikuwa ameanzisha kampuni ya kweli kwa bahati mbaya.

Fedha alikabidhiwa Usta Bashandi, fundi bodi, mwenye gereji chini ya ngazi za Kom Dikka. Usta alikuwa mtu wa kusikiliza redio na kusema kidogo. Alisema zitatosha taa, rangi na mlango, lakini msasa unataka mikono, na Alhamisi haiko mbali. Watu wakamtazama Wagdi. Wagdi akaivua suti.

Siku ya kwanza alipiga msasa kwa hasira. Siku ya pili vidole vilimwuma, akalaani Wataliano na vyuma vyao vizito. Siku ya tatu alijikuta anapiga mluzi. Mkono wake ulikuwa umekumbuka njia za zamani, kutoka taa kwenda mlango, kutoka mlango kwenda nyuma, zile zile alizofundishwa na baba yake. Ndipo akaingiza vidole ndani ya tundu la taa iliyovunjika ili asafishe, akatoa utando wa buibui.

Haukuwa utando wa jana. Buibui alikuwa amejenga, amehamia, amezaa na kulea. Wagdi akachuchumaa, akachungulia mkunjo wa madigadi. Mle ndani rangi ilipobanduka kulikuwa na kutu, kutu tulivu, nyekundu, iliyonyeshewa zaidi ya mvua moja.

"Usta," akasema polepole, "chuma kinashika kutu kwa siku tatu?"

Usta Bashandi akaongeza sauti ya redio.

Wagdi akaupanda mtaa, vumbi la rangi limemjaa hadi nyusi, akasimama mbele ya kibanda cha maini. Maalima alikuwa anakata pilipili.

"Lilikuwa limeshagongwa," akasema.

"Sema kwa sauti ndogo, nina wateja."

"Ubavu wa ukutani! Ulinionyesha ubavu mmoja!"

"Wewe hukuomba kuuona wa pili. Mtu anauza bima na hazunguki gari?"

"Nani aliligonga?"

"Nadiri. Bwana harusi." Akaachia kisu, akaugulia kidogo. "Mfamasia yule anapima matone ya dawa, hakosei hata moja, lakini nguzo nzima ya Warumi hakuiona. Alitaka kumfurahisha Rawya. Ni majuma mengi sasa. Rawya alilia kwa siri, mimi nikalia kwa siri. Bashandi alipotaja bei nikarudi nyumbani nikazitazama bangili za binti yangu, nikasema, hizi zitauzwa. Halafu ukaja wewe na suti yako na Mashaallah zako."

"Na kile kishindo cha asubuhi?"

"Sufuria zangu mbili na sinia la Shihata. Gari tulilisukuma kwa mikono, taratibu, mpaka pale pale lilipoumia. Liliingia kwenye nguzo kama kiganja kwenye glovu."

Wagdi akatafuta pa kukaa, akakalia kreti la soda. Alikuwa ameibiwa mara mbili tatu maishani, lakini daima na watu aliowadharau. Hiki kilikuwa kitu kingine.

"Na kama ningesema Mashaallah?"

"Ningekuwa sina kitu." Maalima alimtazama sawasawa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Moyo ulikuwa unanidunda, wewe! Nilikuwa naomba usiseme, na nilikuwa naona haya kuomba. Ndiyo maana nilikuuliza. Nilikuuliza umemaliza au hujamaliza? Nafasi nilikupa."

"Ulinipa," Wagdi akakubali.

"Sasa utafanya nini? Utakwenda polisi?"

Wakatazamana, kisha wote wawili wakacheka mpaka maalima akashika meza. Akamkatia mkate, akaujaza maini, akazidisha tahini na kachumbari ya siki.

"Kula. Una kazi mpaka Jumatano."

Alhamisi alasiri gari la kijani lilitoka gerejini likiwa na riboni nyeupe, na Kom Dikka nzima ikapiga vigelegele. Hakuna aliyeweza kusema ni ubavu upi ulioumia. Rawya alikaa nyuma na bangili zake zote mkononi. Nadiri alikaa kando yake, mikono juu ya magoti, amekatazwa kugusa hata kitasa. Nyuma ya usukani, ndani ya suti ya kijivu iliyofuliwa, alikaa Wagdi Sharabasi. Maalima alikuwa amesema kwamba aliyelipigia msasa anaweza kuaminiwa kulipitisha kwenye nguzo moja, na kwamba kutoka ukumbini hadi stesheni si mbali, ambako atamkabidhi Usta Bashandi ufunguo na kupanda garimoshi lake.

Kabla hajawasha injini aliteremsha kioo, akamwita mama wa bibi harusi. Alitaka kusema jambo, na halikuwa la kazi.

"Maalima, nimezunguka Misri hii kutoka Aswani mpaka baharini, nimekaa na mawakili, nimekaa na wezi. Sijawahi kuona kichwa kama chako. Akili, ulimi, moyo, vyote mtu mmoja! Wakikujua Kairo watakuja kukuiba."

Mkahawani dhumna zikasimama hewani. Hagi Mitwalli akavua miwani. Shihata akakumbatia sinia lake kifuani. Maalima Inshirahi, ndani ya gauni lake jipya la dhahabu, akaweka mkono kiunoni.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado!" akasema Wagdi upesi. "Mashaallah, maalima. Mashaallah, Mashaallah."